Mtunzi wa Makabila Saba

Nchi yetu sitaitaja jina. Msidhani naogopa, mimi ni raia mwema, kodi nalipa na misafara ikipita napunga mkono hata kama vioo vyao ni vyeusi. Ni kwamba jina lenyewe bado liko kamatini tangu tupate uhuru. Makabila yetu ni saba, na kila kabila linataka jina la nchi lianze na herufi yake. Kwa hiyo mpaka leo tunaitwa Jamhuri, basi, na wachezaji wetu wakienda ng'ambo wanavaa fulana zisizo na maandishi. Sisi wenyewe tumeshazoea. Wageni wakituuliza tunawaambia wavute subira.

Lakini tunacho kitu ambacho dunia nzima inatuonea kijicho, nacho ni Mgao. Mgao ni desturi yetu na ni sheria yetu: kila kilicho cha taifa lazima kigawanywe kwa makabila saba, sawasawa, bila mtu kununa. Ng'ombe wa sikukuu ya uhuru anakatwa mafungu saba, na mkia tunauzika kwa heshima zote ili asiupate mtu. Daraja kubwa la mjini lilijengwa na mafundi wa makabila yote, kila kabila kipande chake na kwa ufundi wake; ndiyo maana ukivuka unapanda, unashuka, na kuna mahali inabidi uruke. Gari la wagonjwa lina madereva saba, kila mmoja anaendesha ndani ya eneo la kabila lake, akifika mpakani anashuka na kumsubiri mwenzake amalize chai. Wagonjwa wetu wamekuwa watu wavumilivu sana kwa sababu hiyo.

Kuna watu wenye midomo wanaosema makabila ni manane. Uongo mtupu! Wafinde wapo, sikatai, wale wachoma chokaa wa kule machimboni. Lakini siku makabila yalipoandikishwa walikuja wametoka kazini, weupe kuanzia nywele mpaka kucha, mlinzi akawaambia wakanawe kwanza, na waliporudi wamenawa ofisi ilikuwa imefungwa. Hapo nani kamwonea nani? Saa za kazi ni saa za kazi. Nyumba zetu zote tumezipaka chokaa yao na tunaisifu, ila mkono hatuwapi, kwa sababu inajulikana wazi kwamba ukimpa Mfinde mkono ukuta wa nyumba yako unaingia ufa.

Sasa twende kwenye filamu, maana ndiyo iliyonileta.

Waziri wetu wa Mgao na Utamaduni, Mheshimiwa Ndosiko, alikwenda safari ya nje akakuta wenzetu wanatengeneza filamu za maisha ya watu wao wakubwa. Alirudi amekosa usingizi. Siku ya pili akatangaza redioni kwamba na sisi tutatengeneza yetu, tena itakuwa ya Mzee Amani Umoja, mtunzi wa wimbo wetu wa taifa. Nani asiyeujua wimbo ule? "Amkeni, amkeni, jua limechomoza!" Tunaupiga harusini, tunaupiga msibani, tunaupiga bomba la maji likizinduliwa, na maji yasipotoka tunaurudia.

Kabla hajatafutwa mwongozaji, kabla haijapatikana kamera, kabla hata hadithi haijaandikwa, iliundwa Kamati ya Uwakilishi, mjumbe mmoja kila kabila. Mimi niliteuliwa kuwawakilisha Wapeto. Sitajisifu, nilikuwa nimesimama karibu na mlango nimevaa tai.

Kikao cha kwanza Waziri alitufungulia kwa maneno ambayo nayakumbuka hadi leo. "Ndugu wajumbe," alisema, akitupa macho juu, "filamu hii ni kioo! Na katika kioo hiki kila kabila lazima lijione, tena lijione likiwa limependeza. Msije mkaniletea hapa mambo ya yaliyotokea. Yaliyotokea yalitokea bila kibali cha kamati. Historia ni yale tutakayokubaliana humu ndani kwa kauli moja!"

Tulipiga makofi kwa Mgao, yaani kabila moja moja kwa zamu, na lilipomaliza kabila la saba chai ilikuwa imeshapoa.

Hapo ndipo mlango ukagongwa. Akaingia mama mtu mzima, mwembamba, khanga mbili safi, kichwa juu. Karani alitaka kumwonyesha kiti kisha akasita, akamwacha asimame.

"Hamjambo wanangu," alisema. "Mimi naitwa Sikudhani. Huyo mnayetaka kumfanyia filamu ni baba yangu mzazi."

Jamani, tulifurahi! Waziri akainuka nusu. Mama akaendelea, taratibu, kama anayeeleza njia kwa mgeni.

"Sijaja kuomba makubwa. Baba yangu hakuitwa Amani Umoja. Aliitwa Tindwa. Alikuwa Mfinde, mchoma chokaa. Alipopeleka wimbo wake redioni, mkubwa wa pale alimfukuza mlangoni kama kuku, akamwambia wimbo mzuri lakini jina hilo na kabila hilo havitapanda hewani. Akarudi mara ya pili, ndipo wakampa hilo jina la Amani na maneno mengine ya kuimba. Wimbo wenyewe haukusema amkeni. Baba aliutunga usiku, anachochea tanuri, mimi niko mgongoni kwake mchanga, nalia. Ulisema lala."

Waziri alimtazama. "Mama, unataka kuniambia kwamba taifa zima linasimama wima, linabana mikono, majenerali wanapiga saluti, kwa wimbo wa kubembelezea mtoto?"

"Ndiyo, mwanangu. Na nilikuwa msumbufu sana."

Mjumbe mmoja alikohoa. Mama Sikudhani alishika kiegemeo cha kiti ambacho hakupewa. "Baba alipokuwa anakata roho alinishika mkono, akaniambia: siku wakinisimulia, waseme natoka wapi, na ule ubeti wangu usikike hata mara moja kwa lugha yangu. Nikamwahidi. Mimi umri huu mnauona. Nikienda huko bila hilo, nitamwambia nini?"

Niliirudisha biskuti yangu sahanini. Nilidhani imeharibika.

Waziri, ambaye ni mtu wa huruma kama mawaziri wote, alijibu palepale. "Mama, uwakilishi ndiyo kazi yetu hapa. Nakuahidi mbele ya wajumbe hawa: ndani ya filamu hii Mfinde atakuwemo!"

"Ahsante, baba. Mungu akuzidishie." Akanyoosha mkono amshukuru. Ghafla Waziri akakumbuka kuna simu anatakiwa apige. Na sisi wote tukakumbuka zetu, na mama wa watu akabaki na mkono wake hewani mpaka alipoamua kuurudisha kwenye khanga.

Baadaye akapatikana mwongozaji, Yona Mlekwa, kijana aliyesomea kazi hiyo nje, mwenye nywele nyingi nzuri. Nazitaja nywele kwa sababu hakumaliza nazo. Alikuja na wazo la ajabu: eti Mzee Umoja aigizwe na mtu mmoja.

"Mmoja?" tuliuliza kwa pamoja.

"Ndiyo. Mwigizaji mmoja, kuanzia ujana hadi uzee."

"Wa kabila gani?" aliuliza Kilasi, mjumbe wa Wambeho, mtu mwenye sauti ya kengele.

"Lolote tu, mradi awe mzuri."

Loo! Tulicheka mpaka tukamwonea huruma. Tukamwelimisha. Mtunzi ni wa taifa, na cha taifa kinakwenda kwa Mgao. Tukamgawana basi. Mtunzi azaliwe Msige, aende jando Mwambeho, awe mtu mzima Mdungu, na hivyo hivyo. Mimi nilipigania ndoa, nikasema wazi kwamba sisi Wapeto kuoa tumekuwa nako tangu zamani, na nikashinda. Nyumbani walinichinjia jogoo. Wasige walileta jitu refu lenye kitambi, Wambeho wakaleta kibushuti, na Wadungu, ambao walikuwa wanadaiwa sehemu ya akina mama, wakaleta dada mmoja mrembo acheze sehemu ya utu uzima wa mzee, akiwa na ndevu.

"Watazamaji watajuaje kwamba wote hawa ni mtu yule yule?" aliuliza Yona.

"Atavaa kofia ile ile."

"Kofia gani?"

Hapo ndipo tulipokwama. Kila kabila lina kofia yake na kila kofia ina wenyewe. Tulibishana, tukasusa, tukasuluhishwa, mwisho tukakubaliana kwamba mtunzi avae kofia zote saba, moja juu ya nyingine. Alipendeza sana akiwa amekaa. Akisimama ilibidi watu wawili wamshikilie, na akiingia ndani ilibidi kwanza mlango ubomolewe juu.

Ikaja habari ya ala. Mama Sikudhani alikuwa amesema baba yake alikuwa anagonga debe la chokaa. Debe! Tuliona aibu kwa niaba yake. Tukampa ngoma, zeze, marimba, filimbi, njuga, baragumu na kayamba, vyote kwa wakati mmoja, kila kabila na mdundo wake, na ukisikiliza kwa makini sana huwezi kuusikia wimbo wa taifa hata kidogo. Kifo nacho kilituletea kasheshe, kwa sababu hakuna kabila lililokubali shujaa afie mikononi mwake. Tuliamua basi asife. Mwisho wa filamu anapanda kilima, anapunga mkono, na kofia zinaanguka moja moja.

Yona alianza kulala ndani ya gari lake. Siku moja alikuja kikaoni, nywele zimebaki pembeni tu, akasema kwa sauti ndogo, "Waheshimiwa, nawaomba kitu kimoja. Hadithi lazima iwe na mbaya. Yule aliyemfukuza mlangoni pa redio. Bila yeye huyu mtu hana shida yoyote, anatembea na kofia tu."

Tulijua wote kwamba mkubwa wa redio wa zama zile alikuwa baba mdogo wa Mheshimiwa Waziri, lakini tulikubaliana kwamba hilo halihusiani na historia.

"Wasige hatuna watu wabaya," alisema mjumbe wa Wasige.

"Sisi Wadungu tulikuwa naye mmoja, alikufa."

"Wapeto tunao wachache," nilisema mimi, maana napenda ukweli, "lakini wote wako nje ya nchi."

Mmoja akapendekeza ubaya nao ugawanywe, kila kabila libebe kidogo: huyu aseme "toka," yule asukume, mwingine afunge mlango. Hakuna aliyetaka hata kufunga mlango. Mwingine akasema basi mbaya awe mzungu, Waziri akatukumbusha kwamba kamera ni msaada wa ubalozi. Tulikaa pale tumeinamisha vichwa, filamu ya taifa inakufa mbele ya macho yetu.

Ndipo Kilasi aliporuka kutoka kitini. "Waheshimiwa! Waziri si alimwahidi yule mama Mfinde mmoja?"

Haki ya nani, tulipiga makofi. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Jamhuri makabila saba yalipiga makofi kwa pamoja, bila zamu, na mimi nilipiga mpaka viganja vikawaka moto. Ahadi imetimizwa, mbaya amepatikana, na hakuna kabila lililochafuka! Waziri alifuta machozi. "Huu," alisema, "ndio umoja."

Nilitumwa mimi kwenda kumpa mama habari njema. Nilimkuta machimboni, barazani kwake, anachambua maharage kwenye ungo. Pembeni mwanawe, Chande, fundi wa pancha, alikuwa amechutama anaziba tairi.

"Hongera mama," nilisema, nikiwa nimesimama mbali kidogo na mkono wake. "Mfinde amepatikana kwenye filamu."

Uso wake ulifunguka, nawaambieni, nikauona usichana wake. "Baba! Wamekubali?"

"Si baba hasa, mama. Ni yule anayemfukuza."

Aliendelea kunitazama. Mikono ilikuwa imesimama juu ya maharage. "Hebu rudia."

Nikarudia, nikamweleza na faida zake: kwamba ni nafasi kubwa, anaonekana karibu karibu, anaongea kuliko watu wote.

"Yaani baba yangu mmemgawana nyie saba kama nyama," alisema, "na aliyemtesa ndiye mliyetubakishia sisi?"

"Ni uwakilishi, mama."

"Ondoka. Ondoka mlangoni pangu kabla sijakumwagia maji ya maharage, mtu mzima na tai yako!" Sauti ilimkatika, akajifunika uso na upande wa khanga, na ungo ukamtoka magotini. Niliondoka. Sikuona kosa langu, lakini tai niliivua.

Chande akanifuata, anajifuta grisi. "Mzee, samahani. Huyo mbaya anaongea lugha gani?"

"Kifinde. Kamati haitaki lugha ya kabila lolote ichafuke."

"Na maneno yake ameyaandika nani?"

"Hakuna. Nani anakijua Kifinde kule? Atabwata chochote, mradi kwa ukali. Maandishi ya chini ya picha wizara imeshayatayarisha."

Akatazama kule barazani mama yake alikokuwa anaokota maharage moja moja. "Basi nitacheza mimi," alisema.

Ugomvi wa nyumba ile siku hiyo ulisikika mpaka kwenye tanuri za mbali. "Utasimama umfukuze babu yako mbele ya nchi nzima?" mama alikuwa anapiga kelele. "Umekosa tairi za kuziba? Mimi nimezaa nini jamani!" Chande hakujitetea. Majirani wanasema alisema tu, "Mama, utakuja kuitazama," na mama akamjibu afadhali apofuke. Tangu siku hiyo akawa hasemi naye. Chakula anamwekea, neno hampi.

Siku ya kupiga picha ile sehemu tulikuwepo wajumbe wote. Chande alisimama kwenye mlango wa redio amevaa suti. Kilasi akamzunguka, akamkagua, akatingisha kichwa.

"Huyu haonekani Mfinde."

"Mimi ni Mfinde, mzee," alisema Chande.

"Hatubishani, kijana. Ila huonekani."

Ikaletwa ndoo ya chokaa, akapakwa usoni, masikioni, mpaka kwenye kope. Sasa ndiyo akawa Mfinde, tukaridhika. Mbele yake akasimamishwa mtunzi, yule dada wa Kidungu, ndevu na kofia zake, anashikiliwa na watu wawili. Yona akatoa ishara.

Jamani, yule kijana aliunguruma! Alikunja ngumi, shingo ikasimama mishipa, akatoa maneno mazito ya kwao ambayo kila moja lilinipiga kifuani, na kwa sababu chokaa ilikuwa imemwingia machoni, machozi yakawa yanachora mistari mieusi usoni. Mdungu wetu aliogopa kweli, akarudi nyuma, kofia zote chini. "Chuki halisi hiyo!" Waziri alinong'ona kwa furaha. Yona, ambaye miezi yote ile hakuwa ameona mtu anaigiza, aliomba irudiwe, na ikarudiwa kutoka kila upande, na neno lolote la Chande halikukatwa.

Uzinduzi ulifanyika Ukumbi wa Taifa. Tuliingia kwa Mgao, tukakaa kwa Mgao. Mama Sikudhani alikuwa amealikwa kwa sababu itifaki ilidai familia, na alikuja, sijui kwa nini. Nadhani mwana ni mwana hata ukiwa umemnunia. Hakuna aliyetaka kukaa naye, nikapangiwa mimi. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimezikagua kuta zangu zote.

Filamu ikaanza. Kila kabila lilishangilia kipande chake na likasinzia vipande vya wengine. Kwenye harusi sisi Wapeto tulisimama juu ya viti. Mama alikuwa amekaa kimya, mikono kapakata, macho chini, anasubiri dhambi ya mwanawe.

Mlango wa redio ukafunguka, uso wa Chande ukajaa ukuta mzima. Akafungua mdomo. Chini yake maandishi ya wizara yakatokea: "Toka hapa, mbwa wewe! Nchi hii si yako!"

Ukumbi ulilipuka. "Muueni! Mshenzi huyo! Mfinde mkubwa!" Karanga zilirushwa, viatu vilirushwa, mke wa Waziri alirusha pochi. Nami nilikuwa nainuka nirushe changu, mara nikahisi mkono wangu umekamatwa. Mama Sikudhani alikuwa ameushika kwa nguvu zake zote. Nilikumbuka ukuta wangu, lazima niseme ukweli, lakini sikuutoa.

"Pole, mama," nilimwambia sikioni. "Matusi makali."

"Si matusi." Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Nyamaza, mwanangu, nyamaza nisikie. Anasema: Lala, moto nauangalia mimi. Lala, hakuna cha kukuunguza. Wakikuuliza nani kakulaza, waambie mtu wa tanuri, waambie Mfinde, baba yako Tindwa."

Juu ya ukuta Chande alikuwa anaurudia ubeti ule ule, kwa ngumi, kwa mishipa, na maandishi yanaendelea kutukana chini yake. Watu elfu nzima walikuwa wanamzomea. Mama alikuwa anaufuata kwa midomo, neno kwa neno. "Mwanangu," alikuwa anasema, "mwanangu jamani, na mimi nimemnyima salamu."

Ningepaswa kuiarifu kamati. Nililifikiria hilo kama raia mwema. Lakini taarifa kwa kamati inahitaji saini za wajumbe saba, na wajumbe sita walikuwa bado wanatafuta viatu vyao. Nikaliacha.

Ikawa hivi sasa. Filamu ilipopelekwa mikoani, kila kabila lilidai lionyeshwe kipande chake tu, wakasema vya wengine vinawachosha watoto. Kila mkoa ukakata wake. Wasige wanaonyesha kuzaliwa, Wapeto tunaonyesha harusi mara nne mfululizo, na ukiwauliza Wambeho watakwambia mtunzi alikufa jandoni. Mtu mmoja tu hakukatwa popote, kwa sababu kila kabila lilitaka litazame ubaya ambao si wake. Leo hakuna uso unaojulikana nchi nzima isipokuwa ule wa Mfinde, na hakuna maneno yanayojulikana na makabila yote saba isipokuwa yale.

Watoto ndio walioanza. Wakigombana kwenye mpira wanakunja ngumi wanamtolea mwenzao ubeti mzima. Kisha makonda, kisha wauza samaki. Bungeni Waziri Ndosiko alimtolea mpinzani wake mpaka Spika akamwamuru aufute, naye akaufuta neno moja moja, kwa hiyo tukausikia tena. Nyumbani nikichelewa mke wangu ananisubiri sebuleni nao. Mimi namsikiliza mpaka mwisho, na nikiri kwamba nikiingia chumbani nalala vizuri.

Sitaki mdhani mambo yalikuwa mema. Wafinde walifukuzwa sokoni, chokaa yao ikawa inanunuliwa kwa kujificha, na kibanda cha Chande kilipigwa mawe akahamia nyuma ya nyumba. Hilo halikunipendeza na sasa nalisema.

Nilipelekwa tena machimboni kumkabidhi mama cheti cha shukrani kwa mchango wa Wafinde katika umoja wa makabila saba. Safari hii alinipa kiti. Chande alitoa kahawa, na mama alikuwa anamwita kwa jina lake kila baada ya maneno mawili, hata kama hana la kumwagiza. Cheti alikipokea, akakitazama, akakitumia kufunikia mtungi.

Tukiwa tumekaa hivyo, njiani palizuka vurugu. Watoto wa Kisige, wanaopita pale wakitoka shule, walikuwa wamenyang'anyana kamba. Msichana mmoja mdogo, magoti yana vumbi, kamba begani, akakunja ngumi akamkabili mwenzake, akamtolea ubeti wote kwa sauti ya juu kabisa.

Mama akainuka. "Wewe! Mwenye kamba! Njoo hapa."

Mtoto alikuja ananyata, akaona chokaa kwenye kizingiti akasimama hapo hapo. "Shikamoo bibi. Nisamehe bibi, nilikuwa namtukana yule. Sirudii tena."

"Marahaba. Hebu rudia."

"Eti?"

"Rudia ulivyosema. Nasikiliza."

Mtoto alinitazama mimi, nami nikatazama kahawa yangu. Akaanza, kwa woga, sauti ndogo, ubeti ukatoka polepole, na bila ngumi ile ulikuwa kitu kingine kabisa. Chande aliacha kumimina.

"Mwanzo umesema vizuri," alisema mama. "Mwisho unapaharibu. Lile la mwisho ni jina la mtu, usilimeze. Litoe lote."

Mtoto akavuta pumzi, akasema tena, na safari hii jina likatoka zima. Mama alifumba macho. Kisha akampangusa yule mtoto vumbi la magoti kwa ncha ya khanga yake.

"Ehee. Hivyo hivyo," alimwambia. "Haya mjukuu wangu, nenda kamtukane vizuri."